Kitovu cha Mfarishi

Arusha, 20 Mfungo Mosi 1330 (Oktoba 1912)

Kwa dada yangu Batuli, Pangani.

Shikamoo dada. Nakushika miguu kwa mbali, wewe na shemeji na watoto wote, na jirani zako hata yule asiyenipenda. Sisi huku hatujambo, kinachotusumbua ni baridi tu. Mume wangu Jabiri amerudi juzi kutoka Moshi na mizigo ya garimoshi, miguu imemvimba lakini ulimi mzima. Nyumbani bado tuko wawili, usiniulize zaidi ya hapo.

Dada, nikupe jambo lililonifurahisha kuliko yote tangu nipande huku. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri wanawake wanakuja uani kwangu, nyuma ya boma la serikali, tunashona mifarishi ya viraka. Usicheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiraka ni aibu, hutiwa upande wa ndani mtu asikione. Huku kiraka ndilo pambo lenyewe. Ametuletea ufundi huu Ndeshi, Mmeru wa mlimani, Mkristo, aliyejifunza kwa mke wa mchungaji wa Kidachi. Viraka vinaungwa vikawa nguo moja, chini yake blanketi kuukuu, chini kabisa pamba nyeupe ya merikani. Tunaitandaza mkekani, tunakaa wanne pande nne, kila mmoja anashona kutoka upande wake kwenda kati. Magoti yakianza kugusana ujue kazi inakwisha.

Tupo mimi, Ndeshi, Magdalena wa misheni, na Namelok, Mwarusha mwenye shanga mpaka begani. Namelok siku ya kwanza alisimama mlangoni akatutazama, akasema, "Mnakata nguo nzima mpate vipande, halafu mnaunga vipande mpate nguo nzima. Mbuzi wangu wana akili kuliko nyinyi." Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, na sindano yake mkononi.

Kiraka cha katikati tunakiita kitovu. Ndeshi ameweka sheria: kitovu hutoi mwenyewe, unapewa na mwenzio, tena kitoke katika nguo yenye habari yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kitovu chako ulikikata mwenyewe?" Tukacheka mpaka askari wa zamu akachungulia uani.

Niandikie habari za nyumbani. Herufi hizi za Kiarabu ni zile alizonifundisha marehemu baba, vumilia mwandiko.

Mdogo wako, Zamda


Pangani, 15 Mfungo Tatu 1330 (Novemba 1912)

Mdogo wangu Zamda, marahaba.

Barua yako imefika baada ya siku thelathini na moja, imelowa pembeni lakini inasomeka. Sisi tu wazima. Idd tumechinja. Shemeji yako kifua kimempungua. Makuti ya upande wa magharibi tumeyabadilisha, maana wewe hupenda kuuliza habari za nyumba ya mama.

Nimefurahi kwamba una wenzio. Viraka ni mambo yenu.

Sasa nisikilize. Mwanakombo wangu ameposwa, na posa tumeikubali. Kijana ni wa watu wema, anasomesha Kurani chuoni. Harusi ni Shaabani, kabla ya Ramadhani. Nataka kile kisutu cha marehemu mama, ile nguo nyekundu ya harusi aliyoolewa nayo yeye, kisha mimi, kisha wewe. Nilimpa Jabiri akuletee baada ya arobaini, na nilimwagiza akwambie, naamini alikwambia, kwamba ni amana kwako. Hukukipewa kiwe chako. Unakihifadhi mpaka mabinti wa nyumba hii waolewe, na binti wa kwanza ndiye huyu.

Mpe Jabiri safari yake ya kwanza ya Moshi, apakie garimoshi la Tanga kwa jina la shemeji yako. Akikunje na karafuu.

Dada yako, Batuli


Arusha, 8 Mfungo Tano 1331 (Januari 1913)

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Tumepokea habari ya Mwanakombo kwa vigelegele. Jabiri mwenyewe alipiga kimoja, kibaya. Mungu awape maelewano. Mwambie mwanangu asikubali kupika siku ya kwanza, akizoea hatapumzika tena.

Huku mvua za vuli zimekwisha na Meru unaonekana wote. Mfarishi wa tatu tumeumaliza. Magdalena alileta kipande cha gauni alilobatiziwa. Namelok alileta ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, akataka iingie katikati ya viraka vya pamba. Tukabishana Alhamisi mbili. Sindano tatu zimevunjika, lakini ngozi imeingia na imependeza, na harufu yake tumeizoea.

Ndeshi amejifungua tangu Mfungo Pili, mtoto wa kike, anaitwa Anyesi. Tulimshonea mfarishi mdogo wa kumfunika mgongoni mwa mama yake, maana kule kwao mlimani ukungu hauondoki mpaka jua liwe kichwani. Kitovu nilikitoa mimi. Dada, mtoto huyu akiniona anacheka. Ndeshi ananiambia, "Mchukue, mimi nimemzaa tu." Nambeba Alhamisi nzima na sishoni hata mshono mmoja, na hakuna anayenigombeza.

Habari ya kisutu nimeisoma. Jabiri hatasafiri hivi karibuni.

Mdogo wako, Zamda


Pangani, 5 Mfungo Saba 1331 (Machi 1913)

Zamda, marahaba.

Nimesoma kurasa mbili za viraka na mbuzi, na maneno machache juu ya kisutu. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Moshi pamoja na Omari, mwenye duka wa hapa mtaani, ametuambia Jabiri alikuwa stesheni mwezi uliopita, akipakua sukari. Basi anasafiri.

Sikuelewi. Ukiwa umekivaa kikachuja rangi, sema. Kikiwa kimeliwa na mchwa, sema. Nilikuwa na mama miezi minane kitandani, nikimgeuza na kumwosha, na wewe ulikuwa huko juu. Sikukulaumu, ulimfuata mumeo. Lakini kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwako. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, na harusi ni miezi minne ijayo.

Batuli


Arusha, 12 Mfungo Nane 1331 (Aprili 1913)

Dada Batuli, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua ni nyingi, mito imejaa, mizigo inakwama njiani.

Methali yako imenifika. Kweli mimi sizai, miaka sita sasa, na umetafuta maneno yaliyokaa vizuri. Sina kinyongo. Nilipoisoma nilikuwa nimempakata Anyesi wa Ndeshi, nikamrudishia mama yake na kusema mkono umekufa ganzi.

Kisutu kitafika kabla ya harusi. Nakikusanya.

Zamda


Pangani, 2 Rajabu 1331 (Juni 1913)

Mdogo wangu.

Ile methali iliponyoka. Mwenye hasira hachagui maneno, na wino ulipokauka nikajua nimekuchoma, lakini barua ilikuwa imekwisha kutoka. Nisamehe hilo.

Lakini na wewe umeandika neno. Umeandika "nakikusanya." Nimelisoma mara tatu, nikampa shemeji yako naye akalisoma. Kuni hukusanywa. Kisutu kimoja mtu hakikusanyi, anafungua sanduku anakitoa.

Zamda, umefanya nini?

Batuli


Arusha, 22 Rajabu 1331 (Juni 1913)

Dada yangu, shikamoo. Leo sina habari za nyumbani za kutanguliza. Jabiri yuko mlangoni ananisubiri, furushi limeshafungwa, na karafuu nimetia kama ulivyosema.

Nilikikata.

Utakapokikunjua utaona. Sikukata mji wake, pale katikati, nilikata pembe, nikajidanganya kwamba kitu kikikatwa pembe bado ni kizima. Ilikuwa hivi. Siku ya kugawana vitovu kila mmoja alileta kitu. Magdalena alikuwa na gauni lake la ubatizo, Namelok ngozi aliyopewa na mama mkwe, Ndeshi kilemba cha bibi yake. Mimi mtu wa pwani, niliyewasimulia kila wiki nguo zetu na harusi zetu, nilikuwa na vipande vya merikani vya dukani. Ndeshi akavipokea kwa upole, akasema vinafaa pembeni. Dada, upole ule uliniuma. Nikaingia ndani nikafungua sanduku. Nilikata pembe moja nikampa Ndeshi, na nilipoona macho yao, wakikishika chekundu kile na kuniuliza habari za mama yangu, nikakata ya pili nikampa Magdalena, na ya tatu Namelok. Ya nne nilimshikisha Magdalena, naye akanipa mimi, maana sheria ni upewe. Nilifurahi siku ile. Nalisema hilo kwa kuwa usiponiona nimefurahi hutaelewa kosa langu.

Barua yako ya posa ilipofika nililala na homa siku mbili. Kisha nikaanza kuwazungukia wenzangu kuziomba zile pembe. Mfarishi wangu niliufumua mwenyewe. Magdalena alifumua wake bila kuuliza. Namelok alikwenda kumvua mama mkwe wake mfarishi mabegani, yule bibi akanitukana kwa Kimaasai mpaka nikatoka katika boma lao. Nikabakisha wa Anyesi.

Nilipanda kwa Ndeshi Mfungo Tisa, mvua ikinyesha. Nilimwambia ile pembe ni amana ya dada yangu, sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa. Ndeshi hakubishana. Alisema, "Amana ni amana." Akamshusha mtoto, akafumua kitovu kwa ncha ya sindano, mshono kwa mshono asiichane, akanikabidhi. Nilikuwa nimeleta kipande cha merikani kipya. Akakishona pale pale penye tundu, akamfunika mtoto tena. Mimi nikateremka mlima nimeshika pembe yangu kifuani isilowe.

Anyesi alishikwa na kifua baada ya siku kumi na sita. Amefariki tarehe nane ya mwezi huu.

Najua, dada. Kipande cha nguo ukubwa wa kiganja hakizuii kifua wala baridi. Jabiri ameniambia, Magdalena ameniambia, nami najiambia. Lakini nilimvua mtoto nguo nikamwachia tundu lililozibwa, na nilikuwa nimempa mwenyewe kwa mkono wangu. Haliniondoki hilo.

Siku ya maziko nilipanda na ile pembe. Wanawake walikuwa nje wameketi. Nikaingia, nikaiweka karibu na goti la Ndeshi. Alichukua mfarishi, akafumua merikani, akairudisha pembe ya mama yetu mahali pake, akaishona kwa mkono wake mshono mdogo mdogo, huku watu wanangoja. Kisha akamzungushia mtoto. Hakuniangalia. Tangu siku hiyo haji Alhamisi, na nimesikia mara mbili amepita njia ya juu asipite mlangoni kwangu.

Kwa hiyo pembe tatu nimezirudisha, utaona nyuzi. Ya nne iko mlimani, na sitakwenda kuiomba tena. Mwambie Mwanakombo shangazi... wino umekosea, mwambie mama yake mdogo amemharibia. Unilaani ukitaka, ila nisome unifahamu.

Zamda


Pangani, 25 Shaabani 1331 (Julai 1913)

Zamda, mdogo wangu, marahaba, na pole. Pole kwanza, kabla ya salamu. Mfikishie pole yangu mama Anyesi, ingawa sijui kama utaweza kumfikia.

Mwanakombo ameolewa Jumatatu iliyopita. Chakula kilitosha. Kisutu alikivaa. Nilikuwa nimekipindua ile pembe iliyobaki tupu nikaibana kwa ndani, lakini msichana alipoinuka ikatoka. Wanawake wakauliza pembe ya nne iko wapi. Nikasema panya. Kungwi, yule mzee aliyemfunda mama yetu, kisha mimi na wewe, akanitazama akasema, "Panya huyo anajua kukata mraba." Wakacheka. Mimi nikaingia jikoni nikakaa nyuma ya mafiga na siku nzima sikutoka tena mbele za watu.

Sasa nakuandikia nililokataa kuliandika miaka miwili.

Mama hakusema amana. Siku tatu kabla ya kufariki alinishika mkono akasema hivi, na maneno ni yake: "Kisutu changu mpe Zamda. Huko aliko kuna baridi, akajifunike." Basi. Hakutaja mabinti wala harusi. Mimi niliyemgeuza na kumwosha miezi minane, hata kwa jina hakuniita siku ile, aliniita Zamda mara mbili kwa kunikosea. Nilimsubiri aniachie mimi neno, hakuniachia. Kuzuia wasia sikuthubutu, nikakifunga kisutu nikampa Jabiri, na mlangoni nikamwongezea lile neno, amana. Neno moja tu. Nilitaka kiwe kwako lakini kisiwe chako.

Nguo ilikuwa yako, Zamda. Ungeikata vipande mia usingekuwa umenikosea mimi, na ungekuwa umefanya alivyotaka mama. Aliyekutuma mlimani wakati wa mvua ukamfumue mtoto ni mimi. Nimekaa na barua yako siku ishirini nikitafuta namna ya kutosema hivyo, na namna haipo.

Nimekiweka kisutu ndani ya furushi hili, na zile pembe tatu ulizozishona. Chako. Sijui nikuombe msamaha kwa kipi kwanza.

Dada yako, Batuli


Arusha, 15 Mfungo Mosi 1331 (Septemba 1913)

Dada Batuli, shikamoo.

Sisi wazima, Idd imepita salama, Jabiri anakusalimu. Furushi limefika.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika siku nne, sikula daku wala sikusema na mtu. Siku ya tano nikakumbuka kwamba hakuna aliyenishika mkono nilipofungua sanduku. Neno ulilitia wewe, mkasi niliushika mimi, na kisutu kingekuwa changu au chako bado zawadi niliyompa mtoto niliirudia kuiomba. Tugawane, dada. Siuwezi peke yangu, na najua nawe huwezi.

Nilipanda kwa Ndeshi na barua yako. Alikuwa anapura maharage. Sikukaa maana hakunikaribisha. Nikamsomea yote nikiwa nimesimama, hata pale ulipokaa nyuma ya mafiga. Alipura mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Mama yenu alisema ajifunike?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. Akasema, "Basi amemfunika wangu." Akaendelea na maharage yake, nami nikateremka.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa watatu tukianza mfarishi mpya. Niliwaambia wenzangu nataka kukushonea wewe. Namelok aliuliza Pangani kuna baridi gani. Nikamwambia hakuna, lakini utajifunika, hata jasho likutoke. Tumetumia kisutu, dada. Chote kilichobaki, mji wake na pindo zake na pembe tatu, kimeingia viraka vya pande nne, na safari hii nilikata kilicho changu. Upande wa nne wa mkeka, aliokuwa akikaa Ndeshi, ulikuwa mtupu, hakuna wa kuushona.

Alhamisi ya tatu Ndeshi akaja. Aliingia, akavua viatu, akaketi pale pake pa zamani. Hakunisalimu mimi, aliwasalimu wote. Akashona toka upande wake kuja kati, na sisi hatukusema umbea siku hiyo, tulisikia nyuzi tu. Tulipofika mahali pa kitovu Magdalena akauliza nani atampa dada wa pwani. Mimi nisingeweza, mimi ni damu yako. Ndeshi akafungua upindo wa nguo yake akatoa kipande, akakilaza katikati akakishona. Alipomaliza akaniambia neno la kwanza tangu maharage: "Mwambie nimempa mimi."

Mfarishi unakuja na Jabiri. Kitovu chake ni merikani nyeupe, ukubwa wa kiganja, ina matundu ya sindano pande zote maana ilishonwa mahali pengine ikafumuliwa. Unajua mahali hapo. Usikifumue.

Mdogo wako, Zamda